Ndege ni Saa Moja na Nusu, Ruanda ni Mbali

Imekuwa ada siku hizi: mzazi akifariki Ruanda, wilayani Mbinga, simu hupigwa kutoka Dar es Salaam kwamba asizikwe, watoto wanakuja kwa ndege. Kwa kuwa ndege imetajwa, wazee hukubali wakidhani wasafiri wamekwisha fika. Maiti huoshwa, hukafiniwa, kisha hungojeshwa.

Hebu tupige hesabu. Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi Songea ni kilomita zipatazo 580 kwa njia ya anga, ilhali kwa barabara ya Iringa, Makambako na Njombe zinapita 900. Ndege ya mapangaboi huyakata masafa hayo kwa muda wa saa moja na nusu hivi, iwapo haikupitia kwingine. Saa moja na nusu hiyo ndiyo inayotuhadaa. Haihesabu foleni za Dar es Salaam, wala kuwahi uwanjani, wala kwamba nafasi za leo zimejaa na iliyobaki ni ya kesho. Na aliyeshuka Songea hajafika. Mbele yake ipo njia ya Mbinga, kisha ageuke Kitai, aingie barabara ya Lituhi pamoja na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka.

Katika kupunguza sala, ni kweli wanazuoni wetu wa Kishafii hutazama masafa. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza katika Minhaj kuwa hata anayeyakata masafa hayo baharini kwa saa moja hupunguza. Basi abiria wa Songea ni msafiri, japo hakuchoka. Lakini jeneza tumeamrishwa na Mtume (S.A.W.) tuliharakishe, na hapo kinachotazamwa ni muda. Wanazuoni wameruhusu kumngoja kidogo walii aliye karibu, maadamu maiti hachelewi kufanyiwa haki yake wala haogopewi kuharibika. Sioni vipi aliye kilomita 900, asiye na tiketi mkononi, aitwe karibu.

Rai yangu ni kwamba mwana aulizwe saa ya kuingia Ruanda, asiulizwe saa ya kuruka. Akiwa atawahi Alasiri ya siku ile ile, asubiriwe. Akijibu kesho, mzee azikwe, naye akifika amsalie kaburini, jambo hilo Mtume (S.A.W.) amelifanya. Wasioweza kusafiri wamsalie huko huko waliko, kama alivyosaliwa Najashi wa Uhabeshi na watu wa Madina. Najua uchungu wa kutouona uso wa mzazi, wala siubezi.

Na ile nauli ya haraka ya watoto wanne au watano, kabla haijalipwa, ingefaa kwanza waulize kama marehemu ameacha deni dukani.