Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Septrin na Kipimo cha CD4 Visikosekane

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Wahudumu wa kliniki za matunzo na tiba ya VVU (CTC) wanamjua mgonjwa huyu. Kichwa kimemuuma wiki mbili, panadol haisaidii. Siku moja kijiko kinamponyoka, mguu wa upande uleule unaburuta, maneno hayatoki sawasawa. Usiku anakakamaa na kutokwa povu. Nyumbani wanabishana kama ni kiharusi au mkono wa mtu. Akifikishwa hospitali anakutwa ana VVU, au aliacha ARV zamani, na chembe zake za kinga, CD4, hazifiki 100.

Toksoplazmosisi ya ubongo ni miongoni mwa magonjwa ya kwanza kufikiriwa hapo. Kimelea chake, Toxoplasma gondii, hujificha miaka mingi ndani ya vifuko vidogo kwenye misuli na ubongo. Mtu hukipata kwenye nyama isiyoiva, iwe mishikaki au kitimoto, au kwenye mboga, maji na udongo vyenye kinyesi cha paka. (Paka hubebeshwa lawama zote, ilhali kwa kawaida hutoa mayai ya kimelea hicho kwa wiki chache tu.) Kinga ikiwa imara, mwenye nacho hana habari. CD4 zikishuka chini ya 100 kinaamka, na asiyetumia dawa ya kukizuia huwa hatarini: takriban watu 30 kati ya 100 huugua.

Dawa hiyo si ngeni. Ni septrin, miligramu 960 kwa siku, ileile inayozuia nimonia ya PCP. Na inatibu pia: utafiti wa Italia uliochapishwa 1998, wenye wagonjwa 77, uliikuta haizidiwi na mchanganyiko wa pyrimethamine na sulfadiazine. Afadhali, maana pyrimethamine ndiyo dawa ambayo Martin Shkreli na kampuni yake ya Turing waliipandisha bei Marekani mwaka 2015, kutoka dola 13.50 hadi 750 kwa kidonge.

Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila mwenye VVU aanzishiwe ARV bila kusubiri CD4. Uamuzi ulikuwa sahihi, lakini kipimo chenyewe kikaanza kusahaulika, na kipimo cha wingi wa virusi hakimwambii tabibu kinga imeporomoka kiasi gani. Anayeanza dawa, na anayerudi baada ya kuziacha, wapimwe CD4 siku hiyohiyo. Vipimo vya haraka visivyohitaji maabara kubwa vipo.

Septrin nayo inunuliwe na Bohari ya Dawa kwa fedha za ndani. Januari 2025, Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, ilidhihirika kwamba kidonge cha bei ndogo namna hii hakipaswi kufuata kalenda ya uchaguzi wa Washington.

Imebaki CT scan. Mgonjwa wa wilayani asingoje familia iuze mbuzi ili apigwe picha mkoani. Dalili na CD4 zikielekeza kwenye toksoplazmosisi, aanzishiwe matibabu. Asipopata nafuu ndani ya wiki mbili, ndipo itafutwe TB ya ubongo au saratani. Wizara iwaandikie waganga wakuu wa wilaya waraka wa ukurasa mmoja, wenye dozi kabisa: mgonjwa wa kilo 64 apewe vidonge viwili vya septrin vya miligramu 960 asubuhi na viwili jioni, wiki nne hadi sita, kisha aendelee na dozi ya kuzuia ugonjwa usirudi.