Uhuru Ulipaa Kutoka Ngomeni, Kiswahili Kikabaki Ufuoni

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa kujitawala, roketi ilifyatuka kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Roketi hiyo ilibeba setilaiti ya Marekani iliyoundwa kuchunguza eksirei zitokazo angani, ya kwanza duniani kutengewa kazi hiyo pekee. Kwa heshima ya nchi mwenyeji na ya siku yenyewe, setilaiti ilipewa jina Uhuru. Tangu hapo historia ya astronomia ya eksirei haisimuliki vyema, iwe kwa Kijapani, kwa Kirusi au kwa Kiingereza, bila kulitaja neno hilo la Kiswahili.

Yafaa tujiulize, sisi tunaojiita wapenzi wa lugha hii: baada ya neno moja kupaa, maneno mengine yalikwenda wapi? Makala haya yanadai kwamba Kiswahili kilitoa jina, kisha kikaacha kufuatilia. Yanadai pia kwamba dawa ya kasoro hiyo si orodha nyingine ya istilahi, bali ni nathari, yaani maandishi kamili yanayoeleza, yanayosimulia na yanayobishana. Ili dai hili lisielee hewani, nitatumia mfano mmoja: kugunduliwa na kufuatiliwa kwa mimweko mifupi ya miale ya gama. Nimeuchagua kwa sababu unaihusu pwani yetu, na kwa sababu taaluma hiyo yenyewe ni hadithi ya kufuatilia.

Mmweko wa miale ya gama ni mwanga wa nguvu nyingi mno, usioonekana kwa macho, unaochomoza ghafla kutoka pembe yoyote ya anga. Hudumu kwa sehemu ya sekunde au kwa dakika kadhaa, kisha hutoweka. Wa kwanza kujulikana ulinaswa tarehe 2 Julai 1967 na setilaiti za Marekani zilizoitwa Vela, ambazo kazi yake ilikuwa kupeleleza majaribio ya silaha za nyuklia yaliyopigwa marufuku kwa mkataba wa 1963. Wapelelezi walitafuta mabomu, wakakuta siri ya mbingu. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1973. Mwaka 1993 wataalamu walibainisha kwamba mimweko hiyo ina makundi mawili: mirefu, na mifupi isiyozidi takriban sekunde mbili.

Ugumu wa kazi unaanzia hapo. Angahewa yetu huizuia miale ya gama, kwa hiyo sharti kifaa cha kuinasa kiwe angani. Hata kikiwa huko, aghalabu hujua tu kwamba mmweko umetokea, wala hakijui hasa ni wapi. Ni kama mtu aliyesikia mlio wa bunduki usiku mjini Thika: hana shaka kwamba umelia, lakini hajui ni mtaa upi. Ili kupata mahali penyewe, darubini nyingine hazina budi kuwahi kutafuta mwanga hafifu unaobaki nyuma, wa eksirei, wa kawaida na wa redio, ambao hufifia saa baada ya saa. Anayechelewa hukuta majivu.

Kwa miaka 30 hivi hakuna aliyewahi. Mafanikio ya kwanza yalipatikana kwa setilaiti ya Italia na Uholanzi iliyoitwa BeppoSAX, iliyorushwa tarehe 30 Aprili 1996. Kwa kuwa iliizunguka dunia karibu kabisa na ikweta, ilipita juu ya Kenya katika kila mzunguko, na data zake zilishushwa katika kituo cha Malindi kabla ya kupelekwa Italia. Tarehe 28 Februari 1997 ilinasa mmweko mrefu, ikaugeukia baada ya saa chache, ikayakuta makaa yake yangali moto. Darubini iliyoko kisiwani La Palma ikaona mwanga wake wa kawaida usiku uo huo. Kwa mara ya kwanza mwanadamu alijua mahali mmweko wa namna hiyo ulipotokea. Habari hiyo ilishukia duniani kwanza katika ardhi ya Malindi.

Mimweko mifupi iliendelea kuwa kitendawili kwa sababu makaa yake ni hafifu zaidi. Mwezi Novemba 2004 Marekani, ikishirikiana na Uingereza na Italia, ilirusha setilaiti ya Swift, yenye uwezo wa kujigeuza yenyewe kuuelekea mmweko katika muda wa dakika moja hivi. Tahadhari za haraka zilipitia setilaiti nyingine. Data zake kamili zilishushwa, kwa miaka mingi, Malindi. Tarehe 9 Mei 2005 ilinasa mmweko uliodumu kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Ilipougeukia ilikusanya chembe 11 tu za eksirei. Kumi na moja! Lakini zilitosha kuonyesha kwamba mmweko ulitokea karibu na galaksi ya nyota kongwe, jambo lililotia nguvu dhana kwamba mimweko mifupi huzaliwa nyota mbili za nyutroni, ambazo ni mabaki mazito ya nyota zilizokufa, zinapogongana na kuungana.

Ushahidi wa wazi zaidi ulikuja tarehe 17 Agosti 2017, saa tisa na dakika 41 alasiri kwa saa za Afrika Mashariki. Mitambo ya Marekani na Italia ilihisi mawimbi ya mvutano kutoka kwa nyota mbili za namna hiyo zilizokuwa zikigongana, sekunde 1.7 baadaye setilaiti ya Fermi ikanasa mmweko mfupi. Darubini za H.E.S.S. zilizoko Namibia zilikuwa za kwanza ardhini kuelekezwa katika eneo husika jioni ile. Saa 11 hivi baada ya tukio, darubini ya Swope nchini Chile ililiona kaa lenyewe katika galaksi ya NGC 4993, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 130. Mwanga wake ulionyesha dalili za kuundwa kwa elementi nzito, jamii ya dhahabu na platini. Huenda basi dhahabu iliyo katika pete ya bibi harusi, au sehemu yake, ilifuliwa katika tanuri ya namna hiyo.

Jioni hiyo sehemu ile ya anga ilikuwa ingali juu ya upeo wa magharibi wa Thika na Ruiru. Hatungeweza kuiona galaksi hiyo kwa macho, na taa za barabara kuu ya Thika huficha hata nyota za karibu zaidi. Isitoshe, zilikuwa zimepita siku tisa tu tangu uchaguzi mkuu wa tarehe 8 Agosti 2017, na masikio ya Wakenya yalikuwa kwingine. Hilo halilaumiki. Linalolaumika ni kwamba vumbi la uchaguzi lilipotulia hatukurudi kusimulia habari hiyo kwa lugha yetu. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha mjini Ruiru, niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu insha kuhusu safari ya angani. Karibu zote ziliishia kwa mhusika kuamka na kugundua kwamba alikuwa akiota. Wanafunzi hao hao walitarajiwa kujifunza eksirei na miale ya gama katika fizikia, kwa Kiingereza. Katika Kiswahili anga lao lilikuwa ndoto, katika Kiingereza lilikuwa mtihani. Je, hapo kosa ni la mtoto?

Zipo pingamizi mbili ninazozisikia mara kwa mara. Ya kwanza husema kwamba kazi hii ni ya wanafizikia na ya mabaraza ya lugha. Siwadharau waliotutangulia, Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyochapishwa na TUKI mwaka 1990 ni hazina. Lakini istilahi iliyolala kamusini ni kama mbegu ghalani. Zaidi ya hayo, maana zenyewe husonga. Kama tungalikubaliana kwamba mmweko mfupi ndio pekee unaotokana na kugongana kwa nyota za nyutroni, tungaliaibishwa tarehe 11 Desemba 2021, uliponaswa mmweko wa karibu dakika moja ambao makaa yake yalikuwa na dalili zile zile za mgongano. Orodha haiwezi kueleza mabadiliko kama hayo. Nathari inaweza, kwa sababu ina nafasi ya kusema: tulidhani hivi, tukaona vile, sasa tunafikiri hivi.

Tena ni katika kuandika ndipo maneno hupimwa. Nimetumia mmweko badala ya mlipuko kwa sababu mlipuko ni chanzo, ilhali kinachofika kwetu ni kumweka kwa mwanga. Nimeuita mwanga unaobaki makaa, kwa kuwa lugha yenye meko, kuni na majivu haina haja ya kutafsiri neno kwa neno istilahi ya Kiingereza. Mwingine atapendelea masalio. Na abishane nami, lakini abishane kwa makala. Darubini lenyewe tulilipata kutoka Kiajemi, lenye maana ya kuona mbali, na leo hakuna anayeliona geni. Lilizoeleka kwa kutumiwa.

Pingamizi ya pili huuliza nchi yenye wenye njaa ina haja gani na nyota zinazogongana. Swali hili ni la haki, na jibu lake liko hapa Ruiru. Katika kituo cha utafiti wa kahawa cha mji huu ilizalishwa aina ya kahawa iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, yenye kustahimili magonjwa mawili makubwa ya mmea huo. Inaitwa Ruiru 11, na watafiti wa kahawa katika nchi nyingine huitaja kwa jina hilo hilo. Kama Uhuru, ni jina letu lililoingia katika sayansi ya dunia. Na kama ilivyo kwa Uhuru, ni kurasa ngapi za nathari nzuri ya Kiswahili zinazomweleza mkulima wa Gatundu ni nini kilichofanyika, na kwa nini kilichukua miaka? Lugha iliyozoea kueleza mambo magumu ya mbali haitashindwa na mambo magumu ya shambani. Lugha isiyozoea itashindwa na yote mawili, na anayeumia kwanza ni mwenye njaa huyo huyo, ambaye hupewa maarifa kwa lugha asiyoimudu.

Watasema baadhi ya walimu wetu kwamba hili si fasihi. Nawakumbusha kwa heshima riwaya ya Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995, ambamo Dzombo anarushwa kwa chombo cha angani hadi nchi nyingine na kuitazama upya nchi yake. Mwandishi huyo alikuwa mwana wa pwani ile ile iliyorusha Uhuru. Alionyesha kwamba anga linaweza kubeba hoja nzito ya kijamii kwa Kiswahili fasaha. Tumeichambua riwaya hiyo kwa dhamira, wahusika na mtindo, lakini mlango ilioufungua tumeupita tukienda zetu. Wahenga wetu waliokitazama Kilimia ili kujua majira ya kulima hawakuitenga nyota na lugha. Sisi tuliosoma ndio tuliojenga ukuta huo.

Nini kifanyike? Kwanza, jarida hili litenge kurasa katika kila toleo kwa makala ya sayansi yaliyoandikwa moja kwa moja kwa Kiswahili. Pili, katika ukanda huu wa Thika, Juja na Ruiru wenye vyuo vikuu kadhaa, kila chama cha Kiswahili kitafute wanafunzi wa fizikia na kilimo, waketi na wanafunzi wa lugha, waandike pamoja: mmoja akilinda ukweli, mwingine akilinda lugha. Tatu, idara zetu zikubali tasnifu zinazochunguza nathari ya sayansi kama zinavyokubali zile za utenzi na tamthilia. Nne, safari zetu za pwani, ambazo huishia Fort Jesus, Gede na Lamu, zifike pia Ngomeni. Tukayaone mahali neno letu lilipopandia.

Wanafunzi wenzangu, chembe 11 za mwanga ziliwatosha wenzetu kubadili fikra za dunia kwa sababu kulikuwa na aliyegeuka kwa wakati na kuzihesabu. Kiswahili hakikukosa mmweko wake. Kiliupata mwaka 1970. Kilichokosekana ni wa kuugeukia. Makaa ya Malindi hayajazima, nasi ndio wenye kalamu. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.