TABIANCHI IMEBADILIKA, TABIA YA WAKUBWA BADO!

Ndugu msomaji, kila mwaka ikifika Novemba, mkulima wa Karatu anakodolea macho mawingu ya vuli, na wakubwa wa dunia wanapanda ndege kwenda kuyajadili mawingu hayo hayo. Mwaka 2022 walikuwa Sharm el-Sheikh, Misri. Mwaka 2023 Dubai. Mwaka 2024 Baku, Azerbaijan. Mwaka 2025 Belém, Brazil. Wanajifungia katika kumbi zenye viyoyozi kuzungumzia joto, wanakula mara tatu kwa siku wakizungumzia njaa, kisha wanarudi na makabrasha. Mkulima anarudi shambani na jembe lile lile. Mfugaji anarudi machungani na fimbo ile ile.

Wametuletea na neno: TABIANCHI. Wanasema imebadilika. Sawa, imebadilika, hilo hata mtoto anayechunga ndama Endulen atakueleza bila kupewa posho ya semina. Swali langu kwa wakubwa ni moja: tabia yenu itabadilika lini?

Sisemi kwamba mikutano hiyo haina maana. Hewa haina mpaka wala haiombi viza. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya gesi chafu za dunia, lakini ukame ukipiga, ng'ombe wanaokufa ni wa Ngorongoro, si wa Ulaya. Kwa hiyo nchi za viwanda kulipa gharama ni HAKI yetu, si sadaka. Hapo niko pamoja na serikali mia kwa mia. Ugomvi wangu uko kwingine. Serikali inayonyoosha mkono nje kwa jina la mkulima na mfugaji, halafu nyumbani inamfungia mfugaji huyo huyo malisho na kumkataza jembe, inaomba kwa jina la mtu inayemnyima chakula.

AHADI NI DENI, LAKINI NANI ANALIPWA?

Tuanze na hao wa nje. Mwaka 2009, mjini Copenhagen, mataifa tajiri yaliahidi kwamba ifikapo mwaka 2020 yatakuwa yanatoa dola bilioni 100 kila mwaka. Kwa hesabu zao wenyewe, kiasi hicho kilifikiwa mwaka 2022. Miaka miwili wamechelewa! Novemba 2024 kule Baku nchi maskini zikadai dola trilioni 1.3 kwa mwaka. Zikaahidiwa bilioni 300, tena ifikapo 2035. Mtoto anayezaliwa leo Mbulumbulu atakuwa shule ya msingi kabla ahadi hiyo haijaiva.

Na hizo zinazotoka zinakwenda wapi? Utafiti uliotolewa mwaka 2020 kwa ushirikiano na IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa unaoshughulikia kilimo, ulionyesha kwamba wakulima wadogo duniani walikuwa wakipata asilimia 1.7 tu ya fedha za tabianchi. Yaani katika kila shilingi 100 zilizotolewa, kabwela mwenye jembe alipata shilingi moja na senti 70.

Desemba 1, 2023, kule Dubai, nchi zaidi ya 130 zilitia saini tamko la kilimo, chakula na tabianchi. Siku mbili baadaye, asubuhi ya Desemba 3, tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaifunika Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa huko huko Dubai, alikatisha safari akarudi, na alifanya vyema. Lakini ujumbe wa Tanzania ulikuwa wa mamia ya watu, na serikali ikajitetea kwamba wengi hawakulipiwa na hazina. Haya, tukubali. Nauliza tu: katika mamia hayo, mkulima wa kunde na mfugaji wa mbuzi walikuwa wangapi?

KARATU NA NGORONGORO NI CHUNGU KIMOJA

Msomaji wa Dar es Salaam au Mwanza huenda unaijua Karatu kama mahali pa watalii kulala kabla ya kupanda kwenda kuona faru. Sisi tunaijua Karatu kama ghala. Mahindi, maharage, ngano, mbaazi na kahawa vinatoka huko. Vitunguu vya Mang'ola, bonde la Ziwa Eyasi, vile vinavyojazwa lumbesa, vinanyweshwa kwa chemchemi zinazotegemea msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro. Msitu unakamata ukungu, ukungu unakuwa maji, maji yanashuka kwa mkulima. Ukiukata msitu umeiua Karatu. Mkulima wa Karatu analijua hilo, haitaji kuhubiriwa.

Na huko juu, nyuma ya lango la Loduare, Mmasai hula ugali wa mahindi ya Karatu. Anauza mbuzi, ananunua gunia. Mvua ikikosa, mahindi yanapanda bei, na wakati huo huo mbuzi amekonda, bei yake inashuka. Hapo ndipo njaa inapozaliwa: chakula sokoni kipo, ila mbuzi mmoja hanunui tena gunia, ananunua debe. Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa, bei inakuwa imeanguka.

Sasa sikiliza utamu wa kizungumkuti chenyewe. Mwaka 1959 watu walitolewa Serengeti wakaahidiwa kwamba Ngorongoro ni kwao. Gavana wa mkoloni, Richard Turnbull, aliwatamkia Wamasai kwamba yakigongana maslahi ya wanyama na ya binadamu, ya binadamu yatatangulia. Mkoloni huyo! Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta wakatolewa. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku. Mwaka 1992, baada ya njaa, serikali ya Waziri Mkuu John Malecela ikaruhusu bustani za kujikimu. Mwaka 2009 zikapigwa marufuku tena, na ndio mwaka ule ule ambao ukame ulikuwa unafyeka ng'ombe wa Longido, Monduli na Ngorongoro. Ng'ombe wamekufa, jembe limezuiwa. Mtu ale nini? Ale mandhari?

KUHAMA NDIYO BIMA YA MFUGAJI

Wataalamu wanaolipwa kwa dola wameandika kwamba mfugaji anatakiwa "kukabiliana" na tabianchi. Mfugaji amekabiliana nayo kabla babu zao hawajajua jina lake. Dawa yake ni kuhama. Nyumbu wanapozaa huko tambarare, mwanzoni mwa mwaka, anapandisha ng'ombe milimani wasiambukizwe ugonjwa wa nyumbu. Kiangazi kikikaza anatafuta penye maji, majani na chumvi. Hata Umoja wa Afrika, katika sera yake ya ufugaji ya mwaka 2010, ulikubali kwamba kuhamahama ni akili, si ujinga.

Sisi tumefanya nini? Mwishoni mwa mwaka 2016 ikatoka amri ya kuzuia mifugo kushuka kreta, kwenye maji na chumvi ya siku za shida. Juni 2022 zikapigwa bikoni Loliondo, kilomita za mraba 1,500 zikatengwa, watu wakajeruhiwa, askari polisi mmoja akauawa, wengine wakakimbilia Kenya. Mwaka huo huo kukaanza safari za Msomera, Handeni, na fedha zilizokuwa zimepangiwa shule za Ngorongoro zikahamishiwa huko Handeni. Agosti 2024 vijiji na kata vikafutwa kwa tangazo la serikali, mpaka maelfu ya wananchi walipojaa barabarani na mahakama ya Arusha ikalisimamisha tangazo hilo. Desemba 2024 Rais akakutana na viongozi wa Wamasai Arusha akaahidi tume mbili, na Februari 2025 zikazinduliwa.

Najua utetezi wao. Wanasema mwaka 1959 watu walikuwa 8,000 na sasa wanakaribia au kupita 100,000, ardhi haiongezeki. Hoja hiyo si ya kudharau, na anayeicheka hajasimama Ngorongoro wakati wa kiangazi. Watu wameongezeka kweli. Lakini wameongezeka Tanzania nzima, na Dar es Salaam hatujafuta kata. Mzigo ukizidi, mnakaa na mwenye mzigo mnapanga: malisho ya zamu, maji, chakula cha bei nafuu, ada za watalii kurudi kijijini. Nyumba na ekari tano za shamba Msomera, kwa mfugaji wa mifugo mingi, ni kumtoa samaki bwawani na kumpa beseni. Na anayehama kwa hiari hahitaji kwanza kunyimwa shule.

DHAMANA YA MKOPO NI MAWINGU?

Oktoba 2021 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi wa Umoja wa Mataifa uliidhinisha dola milioni 100 kupitia benki ya CRDB, na benki yenyewe ikaahidi milioni 100 nyingine, ili mkulima apate mikopo ya mbegu, zana na umwagiliaji, pamoja na bima. Jambo jema. Lakini benki ni benki, inataka dhamana. Mkazi wa Ngorongoro hana hati ya shamba kwa kuwa kulima ni kosa. Aweke rehani nini, mawingu? Mkulima wa Rhotia, ambaye nyati na tembo wakitoka msituni usiku mmoja wanamaliza ekari zake, analipwa kifuta jasho. Neno lenyewe linakueleza: unafutwa jasho, hulipwi hasara.

Na sisi wenyewe? Mwaka 2003 marais wa Afrika walikubaliana Maputo kwamba asilimia 10 ya bajeti iende kwenye kilimo. Katika bajeti ya mwaka 2024/25, shilingi trilioni 49.35, Wizara ya Kilimo ilitengewa trilioni 1.248. Imepanda kutoka bilioni 294 za mwaka 2021/22, hilo tuwape. Lakini piga hesabu: ni asilimia 2.5. Ukijumlisha na Wizara ya Mifugo na Uvuvi, hufiki hata asilimia 4. Tunamdai Mzungu atimize ahadi ya Copenhagen na ya Maputo tumeilalia!

Wafadhili nao wasijione malaika. Benki ya Dunia ilitia dola milioni 150 katika mradi wa REGROW wa hifadhi za kusini. Wananchi wa jirani ya Ruaha wakapiga kelele kuhusu kufukuzwa na kupigwa, malipo yakasimamishwa Aprili 2024, mradi ukafutwa Novemba 2024. Sasa wamekuja wanunuzi wa kaboni, wanatembea Longido na Monduli na mikataba ya miongo kadhaa juu ya nyanda za malisho, na wafugaji wengi wanalalamika kwamba hawakuelezwa kinachouzwa. Mtu wa Ulaya aendelee kuendesha gari lake, wewe upangiwe pa kuchungia. Huo ndio ushirikiano?

Lakini usikate tamaa, ndugu msomaji, mfano mwema uko jirani kabisa. Katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadzabe walipewa hati ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011. Kwa kuwa ardhi ni YAO kwa karatasi, msitu wao ulipoanza kuuzwa kama kaboni, fedha zilikuwa na pa kufikia, na mwaka 2019 wakapata tuzo ya Umoja wa Mataifa. Hati ilitangulia, fedha zikafuata. Kwetu tunataka fedha zitangulie na hati ifutwe.

TUNATAKA HIVI

Kwanza, kila shilingi ya tabianchi inayoombwa kwa jina la Karatu na Ngorongoro ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji: imetoka kwa nani, imepokelewa na nani, imefanya nini. Pili, mradi wowote, wa kaboni, wa uhifadhi au wa mbegu, upite kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya saini, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyompa mwanakijiji sauti, na mkataba usomwe kwa Kiswahili. Tatu, njia za kuhamia na malisho ya kiangazi zirudishwe kwa utaratibu uliokubaliwa na pande zote. Nne, wafadhili waambiwe wazi: fedha zenu zisinunue risasi wala bikoni.

Watu wa Karatu si wa kubembelezwa kwa kofia na fulana. Ndio waliompeleka Dk. Willibrod Slaa bungeni mwaka 1995, wakati upinzani ulikuwa unaitwa uhaini. Ngorongoro nao walionyesha Agosti 2024 kwamba barabara ya watalii ni ya wananchi pia. Mkulima na mfugaji hawa wakisimama pamoja, kwa kuwa gunia la mmoja ndilo mlo wa mwenzake, hakuna wa kuwapita.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Basi wewe msomaji, safari nyingine utakapomwona mkubwa kwenye televisheni akikumbatiana na wafadhili kwa jina lako, usipige makofi. Nenda ofisi ya kijiji ukaulize ubao uko wapi.