Kabla ya uzi mpya, fumua sweta

Dada mwandishi, katika makala yako ya kufuma vitambaa vya kochi umetushauri kama watu wa joto. Huku kwetu Mponde ni baridi: Juni hadi Agosti, ukungu hulala juu ya chai mpaka jua lipande. Kitambaa cha kochi chenye matundu matundu hakimfuniki mtu. Blanketi linataka uzi mnene na mishono ya kubana.

Mimi nanunua masweta ya mitumba sokoni Soni, nayafumua, nafua uzi ukiwa umefungwa vitanzi, kisha nautundika na kitu kizito chini ili unyooke. Sufu halisi naitenga, maana kwa maji ya moto inasinyaa vibaya. Akriliki ni mvumilivu. Mabaki ya nyuzi za rangi nayafuma vipande vya mraba vya sentimita 15. Vipande 120, yaani 10 kwa 12, vinatoa blanketi la mita 1.5 kwa 1.8.

Hivyo ndivyo magunia yangu mawili ya nyuzi (mume wangu anadai ni matatu) yalivyoanza kupungua. Na wenye panya ndani, tumieni ndoo yenye kifuniko. Gunia hawalisazi.