Kibali Kimezikwa, Sesi Imefufuka

Wananchi wenzetu, taifa laweza kujiandikia Katiba njema na bado likakabwa koo na kamba iliyofungwa kando ya barabara. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, mlango wa siasa ya vyama vingi ulifunguliwa. Lakini waliopigania mageuzi hawakudai kura peke yake. Walidai pia kwamba Mkenya asimpigie ofisa magoti ili apate kuuza jasho lake. Dai hilo la pili halijatimizwa, na wanaolivunja leo ni watu tuliowachagua wenyewe.

Tukumbuke kibali cha mahindi. Udhibiti wa mahindi uliwekwa na serikali ya kikoloni mwaka 1942, wakati wa vita, nao ukamlipa mlowezi bei bora kuliko Mwafrika. Bendera ya mkoloni ilishushwa mwaka 1963. Udhibiti wake haukushushwa. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, mkulima mwenye zaidi ya magunia machache hakuruhusiwa kuyavusha mpaka wa wilaya bila kibali cha bodi ya serikali. Kibali kilikuwa karatasi tu, lakini kilizaa kizuizi cha polisi, kizuizi kikazaa mlungula, na mlungula ukamzaa tajiri mwenye jamaa ofisini, aliyepita bila kuulizwa. Mwenye mavuno aliuza kwa hasara, na mwenye njaa, wilaya chache kutoka hapo, alinunua kwa bei ya kuumiza. Masharti hayo ya usafirishaji yalipoondolewa mwaka 1993, wengi walidhani kwamba yamezikwa.

Hayakuzikwa yakaoza. Serikali za kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013, sesi ya mazao, iliyokuwa ikitozwa na mabaraza ya zamani, ilirithiwa na kutandazwa. Mtazame mfanyabiashara anayepakia ndizi Kisii kuzipeleka soko la Wakulima, Nairobi. Njiani atapita Bomet, Narok, Nakuru na Kiambu. Hakuna kinachoizuia kila kaunti kuweka karani wake na kijitabu cha risiti, ila sheria. Na sheria, kama tutakavyoona, imefumbiwa macho. Barabara anayopita, mara nyingi, ni barabara kuu iliyojengwa kwa fedha za taifa. Kaunti anayoikatiza haikulima ndizi ile, haikuipakia, wala haikuiwekea soko. Inatoza kwa sababu lori haliwezi kupita angani.

Nani hulipa? Tusidanganyike kwamba ni mwenye lori. Yeye hupiga hesabu ya sesi zote, pamoja na kitu kidogo cha kila kizuizi, kabla hajafika shambani, kisha huiondoa katika bei anayompa mkulima. Sehemu inayobaki humwongezea mama anayenunua sokoni. Mazao yaozayo, kama nyanya na ndizi, hayawezi kungoja karani amalize mabishano yake. Kwa hiyo mwenye mzigo hulipa haraka, hata asipopewa risiti. Fedha isiyo na risiti haijengi zahanati. Hujenga nyumba ya mtu.

Sasa tuisome Katiba ya mwaka 2010, kwa maana hapa ndipo watawala wetu wasipopenda tusome. Kifungu cha 209 kinaipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na kodi nyingine yoyote ambayo Sheria ya Bunge imeiruhusu. Kinaruhusu pia ada ya huduma iliyotolewa. Kisha ibara ya tano ya kifungu hicho inaweka mpaka ulio wazi: mamlaka hayo yasitumiwe kwa namna ya kuathiri sera za uchumi wa taifa, shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti, wala uhuru wa bidhaa, huduma, mtaji na wafanyakazi kusafiri nchini. Kifungu cha 210 kinaongeza kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa pasipo sheria. Basi swali kwa karani wa barabarani ni jepesi. Ikiwa unatoza kodi, ni Sheria gani ya Bunge iliyokuruhusu? Ikiwa unatoza ada, ni huduma gani uliyompa mpita njia?

Watetezi wa sesi watajibu kwamba kaunti zina njaa ya fedha. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuipuuzi. Kifungu cha 219 kinaiagiza serikali ya taifa kuzipelekea kaunti mgao wao bila kuchelewa isivyostahili na bila makato. Hazina ya Taifa imechelewesha mgao huo mara nyingi, wauguzi wakakosa mishahara na wanakandarasi wakangoja malipo. Lakini dawa ya uvunjaji wa kifungu cha 219 si kuvunja kifungu cha 209. Gavana aliyenyimwa haki yake na Nairobi anayo mahakama na analo Seneti. Mkulima wa ndizi hakumnyima kitu. Anayedai ugatuzi kwa mdomo huku akiigeuza kaunti yake kuwa lango la kutozea jirani, huyo ameruka majivu akakanyaga moto, na ametuvuta sote pamoja naye.

Tazameni aibu nyingine. Kenya ilitia sahihi Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1999, na tangu Julai 2010 imo katika Soko la Pamoja. Tunawalaumu majirani wanapozuia maziwa yetu mpakani. Twawezaje kuwahubiria wenzetu wafungue milango, ilhali sisi kwa sisi twafungiana vyumba vya nyumba moja?

Kwenu waumini, neno hili si geni. Yohana Mbatizaji hakuwaamuru watoza ushuru waliomjia waache kazi yao. Aliwataka wasidai zaidi ya kiwango walichowekewa. Hicho ndicho tunachodai. Hatupingi kodi. Tunapinga kodi isiyo na sheria, isiyo na risiti na isiyo na huduma.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila parokia na kila kikundi cha wakulima kikusanye risiti za sesi, zikiwa na tarehe, mahali na kiasi; na mahali risiti iliponyimwa, maelezo yaandikwe na kutiwa sahihi. Pili, tuiandikie kaunti, kwa haki ya kifungu cha 35, tukitaka kuoneshwa sheria inayotumika na hesabu ya makusanyo. Tatu, mswada wa fedha wa kaunti unapoletwa kila mwaka, tusiwaache wapiga debe peke yao ukumbini. Kifungu cha 196 kinalilazimu bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Nne, tuwabane wabunge na maseneta. Kifungu cha 191 kinaipa nguvu sheria ya taifa inayozuia kaunti kuumiza uchumi wa kaunti nyingine, kwa hiyo Bunge halina kisingizio cha kukosa mamlaka. Tano, yote yakishindikana, tuende Mahakama Kuu. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kudai haki zake, au kudai kwa niaba ya kundi, na kinaagiza kwamba ada isitozwe kwa kufungua shauri hilo.

Kibali cha mahindi kilidumu miongo mitano kwa sababu kila aliyekilipia alidhani yuko peke yake. Sesi ya barabarani inategemea dhana hiyo hiyo. Anzeni na risiti ya juma hili.