Gari ya spoti haiponyeshi mgongo

Kasenga, Uvira – Kuna wanaomshauri shofere mrefu mwenye mgongo mgonjwa anunue gari ya spoti, eti kiti chake kinashika mwili vizuri. Ushauri huo ni wa kumuumiza. Mazda MX-5, iliyoanza kuuzwa 1989, ni ndogo na ya chini: mtu mrefu anajikunja kuingia, magoti yanakaribia usukani, kichwa kinakaribia paa. Resori zake ni ngumu. Shimo lolote la barabara ya taifa namba 5 linafika kwenye uti wa mgongo. Tena gari za Japani zina usukani kuume, na Kongo magari hupita kuume. Shofere anajipinda kuchungulia kabla ya kupita lori.

Kabla ya kulipa, akae ndani nusu saa. Mgongo wote uegemee, ngumi ipite kati ya kichwa na paa, kiti kipande na kushuka. Gari ya juu kama RAV4 itamfaa zaidi.

Familia nyingine zilikimbia vita na zinakula kwa kazi ya shofere mmoja. Mgongo wake ukilala, sufuria nayo inalala. Sifa za barabarani hazipiki ugali.