Usingizi Hauna Mchungaji Mmoja

Usiku Engaresero, kati ya Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron, mifugo ikishaingia bomani utasikia mtu akisema ng'ombe wamelala. Wamelala kweli? Kiswahili kimetutegea hapa: kulala ni kujilaza, na kulala ni kupitiwa na usingizi. Ng'ombe hujilaza akacheua na kusinzia saa nyingi, lakini usingizi wake wenyewe ni kama saa nne tu kwa siku. Toleo hili linauliza ni nini ubongoni kinachomvusha mnyama kutoka kulala kule hadi kulala huku.

Jibu lililotamba kwanza lilitoka Lyon, Ufaransa, katika miaka ya 1960. Michel Jouvet na wenzake waliwapa paka dawa inayozuia kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza serotonini, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupashana habari. Serotonini ilipopungua, usingizi nao ukapungua, na siku ya pili paka walikuwa karibu hawalali kabisa. Walipochomwa malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa serotonini bila kukihitaji kimeng'enya hicho, walilala tena ndani ya saa chache. Paka walioharibiwa viini vya rafe, sehemu ya shina la ubongo zilimo seli za serotonini, nao walikosa usingizi. Nani angebisha?

Waliobisha ni paka wenyewe. Huko Marekani, William Dement na wenzake waliendelea kuwapa paka dawa ileile kila siku. Baada ya kama wiki moja usingizi ulirudi karibu na kawaida, ilhali serotonini ilikuwa bado chini. Kisha mwaka 1976 Dennis McGinty na Ronald Harper walirekodi seli za rafe katika paka wasiofungwa, wakakuta zinafanya kazi zaidi mnyama akiwa macho, zinapungua kasi anapolala, na karibu kunyamaza katika usingizi wa ndoto. Kemikali iliyodaiwa kuleta usingizi ilikuwa ikitolewa zaidi wakati wa kukesha!

Mfugaji wa Engaresero hahitaji maabara kulielewa hili. Mwondoe layoni mmoja, kijana mchungaji, machungani: siku ya kwanza ng'ombe watatawanyika, nawe utaapa kwamba kundi zima lilimtegemea yeye. Rudi baada ya wiki, utakuta wenzake wameshagawana kazi yake. Hiyo haina maana kwamba hakuwa na kazi. Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha Caltech, Marekani, wakitumia samaki aina ya zebrafish na panya, walionyesha kwamba wanyama waliopoteza seli za serotonini za rafe hulala kidogo kuliko wenzao. Serotonini ni mchungaji, ila si peke yake.

Tena machunga yenyewe, yaani mazingira anamolala kiumbe, yana kauli. Wilayani Karatu, karibu na Ziwa Eyasi, watafiti waliwavalisha Wahadzabe 33 vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba katika muda wote huo ni dakika 18 tu ambapo watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Daima kulikuwa na aliyeamka au aliyesinzia kwa wepesi, jambo lenye faida panapozunguka simba na fisi. Paka wa kizimbani hana simba wa kumsikilizia. Ubongo wake unatufunza mengi, lakini hautufunzi kila kitu kuhusu punda wa bomani au swala wa nyikani.

Kwa hiyo, msomaji, toleo hili halikuletei kemikali ya usingizi. Na akija mtu kukuuzia chupa kwa madai kwamba usingizi wote umo ndani yake, msikilize kwa adabu hadi amalize. Kisha muulize swali lililomshinda Jouvet: na baada ya wiki?